Mkate wa Vibua wa Mzee Polikarpo

Mie naitwa Mwajabu binti Mwinshehe. Naishi Manzese, nyuma ya mafundi wa vitanda vya chuma. Asubuhi kwetu haianzi na jogoo, inaanza na nyundo. Ukishazoea unalala nazo.

Kazi yangu ni samaki. Mama yangu alikuwa akikausha ng'onda, nami nikarithi kwake. Ng'onda ni samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa juani. Siku hizi magoti yananisumbua, nakausha wachache tu, wa watu walioagiza. Lakini mtaa mzima wananiuliza mambo ya samaki, na mie najibu. Najibu haraka haraka. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu nitalisema bila kulificha.

Ukuta wangu umepakana na nyumba ya Gozbert na mkewe Felicitas. Ni Wahaya, watu wa Kagera. Gozbert anafanya kazi kiwandani Mikocheni. Felicitas ni fundi cherehani, anashonea pale barabarani karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Watu wazuri, hawana makelele.

Mwezi wa tatu Gozbert alimleta baba yake, mzee Polikarpo. Mke wa mzee, Ma Yuliana, alikuwa amefariki. Mzee akabaki peke yake na nyumba, na migomba, na kuku wawili. Mwanawe akasema hapana, njoo Dar ukae na sisi.

Mzee akaja. Lakini hali chakula.

Jamani, mtu hali! Asubuhi Felicitas anamwekea chai na chapati. Mzee anakunywa chai, chapati anairudisha. Mchana wali na maharage, anaonja vijiko viwili. Jioni anasema ameshiba. Ameshiba nini? Suruali ilikuwa inamwanguka. Mkanda wake haukuwa na tundu la kutosha, akauweka kando, akawa anajifunga kiunoni kwa kamba ya katani. Kila nikimwona pale mlangoni na ile kamba yake, moyo unaniuma.

"Shikamoo mzee," namsalimia.

"Marahaba mama Mwajabu."

"Umekula?"

"Nimekula."

Mwongo mkubwa.

Siku moja nikampelekea Felicitas ng'onda mmoja, zawadi tu. Mwanamke yule ana akili ya jikoni. Alimloweka samaki usiku kucha ili chumvi ipungue. Asubuhi akamchemsha, akatoa miiba yote, akamchambua vipande vidogo. Akakaanga kitunguu na nyanya, akamtia samaki, akakamulia ndimu. Kisha akapanga slesi za mkate ndani ya sufuria pana, akapaka samaki juu ya kila slesi, akamwagia kijiko cha tui zito. Akafunika, akaweka makaa chini kidogo na makaa mengi juu ya mfuniko. Ni mkate wa wazi, haufunikwi na slesi nyingine. Tui linaganda, linapiga rangi ya kahawia, na mkate chini unakuwa mkavu unaovunjika mdomoni.

Harufu ikapanda ukuta ikanifuata hadi chumbani. Nikaenda kuchungulia.

Mzee Polikarpo alikuwa anakula. Alikula slesi ya kwanza, akala ya pili. Ya tatu akaichukua mwenyewe, hakupewa.

"Yuliana alikuwa ananichomea samaki asubuhi," akasema. "Wa ziwani. Na ndizi. Miaka arobaini na minane. Tangu aende, kila kitu mdomoni kilikuwa maji. Leo nimesikia chumvi."

Felicitas aliingia ndani akalia kwa furaha. Mie nikajifanya sikuona.

Sasa kosa langu.

Wiki iliyofuata Felicitas alitaka kutengeneza samaki wake mwenyewe, maana mimi nilikuwa nimemaliza. Akaniita ukutani. Wakati huo mvua ilikuwa imetanda, nami nilikuwa nakimbizana na samaki wa watu juu ya kichanja.

"Bi Mwajabu, shikamoo! Nikitaka kutengeneza ng'onda nafanyaje?"

"Pasua, osha, tia chumvi, anika!" nikapiga kelele. "Chumvi haina shida, inamaliza kila kitu!"

"Basi tu?"

"Basi tu!"

Hayo ndiyo niliyosema. Maneno manne, na uongo mmoja.

Jumatatu asubuhi Felicitas akanunua vibua sita kwa mchuuzi anayepita na baiskeli. Walikuwa wazuri, macho yanang'aa, mashavu mekundu ndani. Lakini alikuwa anachelewa kazini. Akafanya vile alivyokuwa akimwona mama yake akifanya kwao. Akawafunga vibua katika majani ya mgomba, akawasukuma chini ya meza ya jikoni. Kwao Kagera asubuhi kuna baridi, mtu anavaa sweta. Hapa Manzese, jiko la bati saa saba mchana, hata mjusi anatoka nje.

Vibua wakashinda humo tangu saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili jioni Felicitas akarudi, akawanusa. Hawakunuka. Akawapasua, akawaosha, akawanyunyizia chumvi kwa vidole, kama anayeunga mchuzi. Akawaanika juu ya bati siku tatu. Kamba ya kufungia chandarua hakuwa nayo, akaacha wazi, inzi wakafanya harusi.

Ijumaa asubuhi akapika mkate wake. Harufu ilikuwa ileile, rangi ileile. Mzee akala slesi tatu. Gozbert akala moja, akasimama avae viatu aende kazini.

Haikupita nusu saa nikasikia, "Bi Mwajabu! Bi Mwajabu njoo!"

Nikakuta mzee ameketi kitandani anatetemeka. Uso na shingo vimewaka. Kifuani vimetoka vipele vipana, anajikuna mpaka damu. Macho mekundu. Anashika kichwa, anasema kinagonga. Gozbert naye anajikuna masikio, lakini kidogo.

"Felicitas," mzee akasema, "umenilisha nini?"

Alisema polepole tu. Lakini niliona lile swali lilivyomwingia yule binti.

Tukaita bajaji, tukaenda zahanati. Nesi wa zamu alikuwa Raudha, binti mdogo lakini si mtu wa kubabaika. Akampima mzee pumzi, akampima presha, akamtazama ulimi.

"Amekula nini leo?"

"Mkate na samaki," Felicitas akajibu.

"Samaki gani?"

"Kibua wa chumvi."

"Babu, huyo samaki alikuwa na ladha gani?"

Mzee akafikiri. "Alikuwa anawasha ulimi. Nilidhani ametiwa pilipili."

"Sikutia pilipili hata punje," akasema Felicitas.

"Basi nimeelewa," akasema Raudha. Akampa mzee dawa ya kutuliza muwasho, akamwambia alale pale pale kitandani amwangalie. Kisha akatugeukia. "Yule samaki kabla ya kutiwa chumvi, alikaa wapi?"

Felicitas akaeleza. Majani ya mgomba, chini ya meza, tangu asubuhi hadi jioni. Mie nikaanza kutazama viatu vyangu.

"Sikiliza dada," Raudha akasema. "Vibua, jodari, nguru, samaki wa aina hiyo wakishinda kwenye joto, sumu inajitengeneza ndani ya nyama yao. Huioni. Mara nyingi hainuki hata kidogo."

"Lakini nilimtia chumvi!"

"Chumvi haiiondoi."

"Nilimwanika siku tatu!"

"Jua haliiondoi."

"Nilimpika kwa moto juu na chini!"

"Moto nao hauiondoi. Ikishaingia imeingia. Dawa yake ni kuizuia isianze. Samaki akitoka majini, barafu. Akitoka kwenye barafu, chumvi. Hapo katikati asikae kwenye joto. Na babu ana bahati, leo jioni atakuwa mzima. Lakini mkiona mtu amevimba ulimi, au pumzi inambana, msikae nyumbani mkingoja. Mkimbizeni hospitali. Na waliobaki watupeni, msimpe hata paka."

"Na presha yake?" nikauliza.

"Imepanda kidogo tu. Samaki wa chumvi ale mara moja moja, na alowekwe vizuri kwanza. Si kila siku."

Kweli, jioni mzee alikuwa mzima. Mwili ulikuwa mzima, nasema. Roho ilikuwa imefunga mlango.

Jumamosi Felicitas alimwekea uji. Mzee akausukuma. Jumapili baada ya misa akamwekea ndizi na nyama, chakula cha kwao kabisa. Akasukuma. Kamba ya katani kiunoni akaikaza tena.

Jumapili jioni akamwita mwanawe. Mie nilikuwa upande wangu wa ukuta, na ukuta wetu hauna siri.

"Gozbert, nirudishe kwetu Kamachumu."

"Baba, kule nani atakupikia?"

"Hakuna. Na hapa nani ananipikia? Naogopa sahani ya nyumba hii. Sisemi kwa ubaya. Naogopa tu."

Gozbert akasema, "Jumatatu, si ya kesho, ile inayofuata, nitakupeleka kituo cha basi."

Felicitas akatoka nje, akakaa kwenye ngazi yake. Nikamfuata. Alikuwa hata halii.

"Bi Mwajabu, akirudi kule atakufa," akasema. "Atakaa peke yake mpaka aishe. Na watu watasema mke wa Gozbert alimlisha mkwewe sumu."

"Watasema Mwajabu," nikamjibu. "Mie ndiye niliyekufundisha nusu nusu. Miaka yote hii mama yangu alikuwa anapokea samaki mchangani, bado anarusharusha mkia, anamtia chumvi palepale. Sikuwahi kukwambia hilo. Nilidhani kila mtu analijua. Nisamehe mwanangu."

Nikainuka, nikaenda kwa mzee moja kwa moja. Nikimwonea haya leo, nitamwonea haya mpaka basi liondoke.

"Mzee, kosa ni langu," nikamwambia. "Kesho nampeleka mkweo soko la Feri kununua samaki. Tutafanya kazi hii mbele ya macho yako, mwanzo mpaka mwisho. Hutaki kula, usile. Utazame tu."

"Nitazame samaki?"

"Una kazi nyingine?"

Akanitazama. Nadhani alitaka kucheka, akajizuia.

Jumatatu Felicitas aliomba ruhusa kazini. Tukapanda mwendokasi ya asubuhi, tukashuka Kivukoni, tukaingia sokoni. Kabla ya kununua samaki tukanunua barafu, tukaiweka kwenye ndoo yenye mfuniko. Felicitas akashangaa.

"Barafu kwanza?"

"Barafu kwanza. Samaki akinunuliwa akute kitanda kimetandikwa."

Nikamwonyesha kuchagua. Jicho lililojaa, si lililozama. Shavu jekundu ndani, si la rangi ya matope. Ukibonyeza nyama, inarudi. Na aliyelala juu ya barafu, si aliyelala juani, hata kama macho bado yanang'aa. Tukachukua vibua wanane, kama kilo mbili. Tukawafukia kwenye barafu, tukarudi na bajaji bila kusimama popote. Felicitas alitaka kushuka kununua vocha. Nikamwambia ashuke siku nyingine.

Mzee alikuwa amekaa uani kwangu juu ya kigoda, na kamba yake, anangoja.

"Fungua ndoo," akasema.

Nikafungua. Akaingiza mkono, akagusa barafu, akautoa haraka. "Baridi," akasema, kama karani anayeandika.

Tukaosha mikono kwa sabuni. Tukawapasua vibua mgongoni, tukatoa matumbo na mashavu, tukasugua ile damu nyeusi kwenye mfupa, tukaosha kwa maji safi ya baridi. Tulikuwa tunatoa wawili wawili. Wengine walibaki kwenye barafu wakisubiri zamu.

"Sasa chumvi," nikasema. "Ile ya mawe. Kilo moja ya samaki, kikombe kimoja kilichojaa. Huungi mchuzi hapa, Felicitas. Mzike!"

Tukatandika chumvi chini ya ndoo nyingine ya plastiki, safi. Samaki juu. Chumvi tena. Samaki tena. Tukamaliza kwa chumvi. Tukaweka sahani juu, na juu ya sahani chupa iliyojaa maji, iwakandamize. Tukafunika, tukaingiza kwenye friji langu. Humo walikaa siku mbili. Chumvi iliwatoa maji, wakawa wagumu kidogo.

Jumatano tukawasuuza ile chumvi ya juu, tukawapeleka kwenye kichanja changu. Ni meza ya fito iliyoinuka hadi kiunoni, upepo unapita juu na chini. Nikatandaza samaki, ngozi chini.

Mzee Polikarpo akainuka kwenye kigoda. Ilikuwa mara ya kwanza namwona anainuka haraka.

"Mmewabana," akasema. "Sogezeni. Huyu asimguse huyu. Upepo upite."

"Mzee, unajua kuanika samaki?"

"Samaki sijui. Kahawa najua. Nimekagua kahawa ya ushirika miaka ishirini na sita. Kahawa ikianikwa chini, naikataa. Ikilowa umande, naikataa. Isipogeuzwa, naikataa." Akamgeukia Felicitas. "Wale wa kwanza uliwaanika wapi?"

"Juu ya bati, Tata." Tata kwa Kihaya ni baba.

"Nisingewapokea."

Basi tangu hapo hatukuwa na kauli. Mzee alikaa na kichanja kile siku tatu. Asubuhi anawageuza. Saa kumi jioni anaita, "Ingizeni kabla ya umande!" Wingu likipita Ubungo, huku ameshaanza kupiga kelele. Tatizo lilikuwa inzi. Chandarua tulikuwa nacho, ila upepo ulikuwa unakiinua. Felicitas akakibana kwa mawe, mawe yakawa yanaanguka. Mzee akashinda anayarudisha.

Ijumaa jioni samaki walikuwa wakavu. Ukimkunja hakunjiki. Nikampa Felicitas wawili, akawaloweka kwenye bakuli la maji ndani ya friji usiku kucha, akabadilisha maji mara mbili.

Jumamosi asubuhi akapika uani kwangu, mbele ya watu wote. Kitunguu, nyanya, ndimu, samaki. Slesi kwenye sufuria, tui zito juu, mfuniko, makaa. Gozbert alikuwepo, amesimama ameshika kiuno. Tiketi ya basi ilikuwa mfukoni mwake, niliiona ncha yake.

Felicitas akafunua. Mvuke ukatoka. Akachukua slesi ya kwanza akala mwenyewe, mbele ya mkwewe. Mie nikala ya pili. Haikuwasha ulimi, chumvi ilikuwa kidogo, tui tamu. Tukakaa tunatazamana. Nyundo za mafundi zikapiga weee.

Mzee akanyoosha mkono akachukua slesi. Akaigeuza akaitazama chini, akaitazama juu. Felicitas alishika ukingo wa kanga yake kwa mikono miwili.

"Huyu nilimwona kwenye barafu," mzee akasema. "Nilimwona kwenye chumvi. Nilimgeuza kwa mkono wangu." Akauma. Akatafuna muda mrefu, wee, mpaka nikataka kumtikisa. Akameza. "Huyu nampokea."

Akala yote, na nyingine mbili. Kisha akamwambia Felicitas, "Binti yangu, nilikuuliza swali baya siku ile. Nisamehe."

Felicitas akapiga magoti. Sasa akalia vizuri, kwa sauti, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo.

Jumatatu basi la Kagera liliondoka. Mzee hakuwemo.

Tangu siku hiyo tunakausha samaki pamoja kila baada ya wiki mbili. Raudha wa zahanati alikuja mara moja akaangalia ndoo ya barafu na chumvi, akaniomba niwaeleze kina mama wanaoleta watoto kupimwa. Niliwaeleza polepole, neno kwa neno, na la barafu nikalirudia mara tatu. Mzee anakula mkate wa vibua Jumamosi tu, kwa ajili ya presha yake. Siku nyingine anakula wali, anakula ndizi, anakula hata chapati za Felicitas, na analalamika kuwa ni ndogo.

Mwezi wa sita, siku moja, upepo ulikuwa mkali. Chandarua kikapeperuka tena, inzi wakaanza kutua. Nilikuwa na mikono imejaa chumvi.

"Mzee! Kamba! Nani ana kamba?"

Nikamwona anaingiza mkono chini ya shati. Akafungua ile kamba ya katani kiunoni, akaivuta yote, ndefu. Nikafumba macho nikijua suruali inashuka.

Haikushuka. Imembana sawasawa.

Akafunga chandarua pembe zote nne, akakaza mafundo, akarudi kwenye kigoda chake.